Kutoka Kikwe hadi Makumira kwa Njia ya Kilele cha Meru

Shemeji yangu Efraimu Nnko ni mtu wa heshima. Nianze na hilo mapema, maana nikishaendelea hamtaniamini tena. Amefanya kazi ya bwana mifugo kwa miaka thelathini na moja, amechanja ng'ombe wa nusu ya Meru, hanywi, havuti, hapigi mtu, na kanisani kwao Walutheri anaimba besi bila kuangalia kitabu. Mume wa namna hiyo dada yeyote angemshukuru Mungu kwa niaba ya mdogo wake. Nami nilishukuru, mwaka 1993, siku ya harusi, nikiwa nimevaa gauni la zambarau ambalo sitaki kulizungumzia. Sikujua kwamba namkabidhi Sia kwa mtu atakayekuja kupenda bahasha.

Naam, bahasha. Mimi mwenyewe nauza bahasha. Nina duka la fotokopi na vifaa vya kuandikia hapa Makumira, karibu na chuo, na katika miaka yote ya biashara sijawahi kumwona mwanafunzi hata mmoja akiitazama bahasha mara mbili. Shemeji huitazama kwa kioo cha kukuzia. Hutembea nacho mfukoni, na akikaa sebuleni kwa watu hukitoa tu na kukifuta, tayari kwa lolote litakalojitokeza.

Lakini msidhani ni bahasha yoyote. Hapana, shemeji ana viwango. Hukusanya bahasha na kadi za kumbukumbu zilizosafirishwa kwa njia ambayo mtu mwenye akili zake asingepitishia barua. Kutoka kwake Kikwe hadi posta ya Usa River, bodaboda inafika kabla chai haijapoa. Kwa shemeji hiyo ni aibu. Barua iliyofika haraka, kwake, ni barua iliyokosa malezi.

Ana bahasha iliyopanda puto la watalii kule Serengeti, baada ya kumsumbua dereva mmoja wa utalii kwa miezi saba. Ana nyingine aliyoipeleka uwanja wa ndege wa Kisongo, akambembeleza rubani kijana hadi akakubali kuizungusha Seronera na kuirudisha jioni. Yaani bahasha imeona simba, imeona nyumbu, imekaa dirishani. Sia, ambaye jina lake ndilo lililoandikwa juu yake, hajawahi hata kuvuka geti la hifadhi. Ana bahasha zilizobebwa na punda wa kubeba nyanya kule Ngarenanyuki, na moja iliyokanyagwa na punda huyohuyo, ambayo anaithamini kuliko nyingine zote. Na ana ile ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashikwa na homa: bahasha iliyokwenda Rombo na basi la msiba. Wafiwa wanalia, jeneza linapakiwa, na shemeji yangu anazunguka basi akitafuta mtu wa kumshikia bahasha. Aliyekubali alidhani ni rambirambi.

Ikisharudi kutoka huko ilikotumwa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Lazima igongwe muhuri wa posta wenye tarehe, na muhuri huo ukae kwenye kona ya stempu bila kuifunika sura ya stempu yenyewe. Bila muhuri, anasema, huna ushahidi kwamba kitu kimesafiri, una karatasi tu. Maulida, binti wa kaunta pale posta, amepokea mafunzo haya kwa miaka kumi na miwili. "Mwanangu, taratibu, usigonge kama unaua mende," shemeji humwambia. "Baba, muhuri ni muhuri," Maulida hujibu, kisha hugonga kama anaua mende. Baada ya hapo shemeji huketi na rula na kalamu ya wino mweusi, akaandika chini kwa herufi kubwa: IMEBEBWA NA PUNDA, NGARENANYUKI HADI LEGURUKI, 14 MACHI 2019. Halafu bahasha inaingia kwenye albamu, albamu inaingia kwenye kabati la vyombo, na vyombo vya Sia vinakaa kwenye boksi chini ya kitanda.

Wageni wakifika, kabla ya maji ya kunywa, wanaletewa kadi aliyotumiwa na mzee mmoja wa Ujerumani, mgonjwa mwenzake wa bahasha. Kadi hiyo ilizunguka kule kusini mwa dunia kwenye barafu tupu, ndani ya meli ya kuvunjia barafu. "Ishikeni pembeni," shemeji anawaambia. Watu wa Kikwe wameishika pembeni na kusema "ahaa" kwa adabu zote. Mmoja aliwahi kuuliza huyo Mjerumani ameandika nini. Hajaandika kitu. Watu hawa huwa hawaandikiani kitu, wanapeana anwani tu.

Na hapo ndipo penye kidonda. Kila bahasha ya shemeji, ya punda, ya puto na ya msiba, imeandikwa "Bi. Sia Nnko, Usa River". Niliwahi kumuuliza kwa nini asijiandikie mwenyewe. Akanijibu, uso mkavu kabisa, kwamba mtu anayejitumia barua mwenyewe watu watamwona ana wazimu. Nikasema sawa, shemeji, nimeelewa. Basi Sia amepokea bahasha mia mbili na kumi na nne kwa jina lake, na ndani ya zote hakuna neno. Ndani kuna kipande cha boksi, ili bahasha isikunjike njiani. Na kwa kuwa shemeji alikuwa bwana mifugo, vipande hivyo hukatwa kwenye maboksi ya dawa za ng'ombe.

Julai mwaka juzi walitimiza miaka thelathini ya ndoa. Wiki mbili kabla, shemeji akamwambia Sia, kwa sauti ya chini ambayo haijawahi kutumika katika nyumba ile, "Kuna kitu chako kinakuja." Mdogo wangu ana miaka hamsini na nane na akili timamu, lakini alisubiri. Alisuka nywele. Siku bahasha ilipofika, nzuri kwelikweli, stempu tatu za kumbukumbu na muhuri wa Maulida umekaa sawa kwa mara ya kwanza katika historia, Sia aliichana hapohapo mezani kwa kidole. Ndani kulikuwa na kipande cha boksi. Kimeandikwa: Dawa ya kupe, tikisa kabla ya kutumia.

Sia anasema angeweza kucheka. Alikuwa karibu kucheka. Ila wakati huohuo shemeji alitokea mlangoni, akaona, akashika kichwa kwa mikono miwili na kulia kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba: "Sia! Umeichana!"

Jioni ile nilisikia hodi. Mdogo wangu alikuwa na mabegi mawili na cherehani.

Mnaojua kukaa na ndugu mtanielewa. Ninampenda Sia kuliko watu wote niliobaki nao duniani, na kufikia wiki ya pili nilikuwa naficha vijiko vyangu. Alihamisha sukari. Alihamisha chumvi ikakaa sukari ilipokuwa. Alinishonea mapazia ambayo sikuyaomba, akaona hayatoshi, akashonea pazia hadi dirisha la choo. Alishona asubuhi, alishona mchana, na kitambaa kikiisha alifumua alichoshona jana na kukishona upya. Nilikuwa namsikia nikiwa dukani, mlango wa pili tu, na nilikuwa naumia. Nataka niliseme hili wazi kwa sababu nimezoea kufanya mzaha: niliumia sana, na nilitamani kumkamata Efraimu na kumtikisa kabla ya kutumia.

Efraimu mwenyewe alikuwa amekuja mapema, siku ya tatu tu. Alileta mkungu wa ndizi, akasalimia vizuri, akakaa, akatoa kioo chake na kukifuta. Kisha akamletea mke wake habari njema: amewasiliana na yule mzee wa Ujerumani, na ipo karatasi maalumu ya kuungia bahasha iliyochanika, mtu hawezi hata kujua.

Nilikwenda jikoni ili nisije nikasema. Sia alisema mwenyewe.

"Efraimu, sitaki bahasha iungwe. Nataka barua. Ndani. Kwa mkono wako, yenye maneno ya kwangu mimi. Ukiniandikia nitarudi nyumbani. Usiponiandikia, cherehani yangu imeshazoea hapa."

Shemeji alikifuta tena kioo chake. Nilidhani anatafuta la kusema, nikasogea mlangoni.

"Maneno mangapi?" akauliza.

Wiki ya tatu ikapita. Ya nne ikapita. Allen, mtoto wao aliyeko Dodoma, akawa ananipigia mimi kuuliza habari za wazazi wake kama anayeuliza hali ya mgonjwa. Wiki ya sita nikapiga simu Kikwe.

"Shemeji, barua vipi? Umeshindwa kuandika?"

"Nimeandika," akasema. "Muda mrefu."

"Sasa iko wapi?"

"Iko njiani."

"Njia gani?"

Akaniuliza duka linaendeleaje.

"Shemeji Efraimu. Njia gani?"

"Ya juu kidogo," akasema.

Nilikaa chini. Habari yenyewe, nilipomkamua, ilikuwa hivi. Alikuwa ameandika barua kwa wiki mbili nzima, na alipoimaliza aliona kwamba ndiyo barua kubwa kuliko zote alizowahi kuandika maishani. Mtu mwingine angeitia mfukoni, akapanda bodaboda, akafika hapa Makumira, kilomita kama kumi, akapewa chai na mke. Shemeji aliona kuileta kwa bodaboda ni kumdharau Sia. Barua kubwa inastahili njia kubwa. Basi akampa Lesian, mpagazi wa Ngarenanyuki anayepandisha wazungu Mlima Meru, aipeleke hadi kileleni, aandike nyuma yake saa na tarehe, atie sahihi, ashuke nayo, na akipita Usa River aitumbukize posta. Maulida agonge muhuri. Iingie kwenye sanduku langu la posta. Niichukue. Nimpe Sia, ambaye nalala naye chumba kimoja.

"Na imeshapanda?" nikauliza.

"Mara ya kwanza walirudi. Mzungu aliumwa kichwa."

Nilifikiria kumficha Sia. Lakini nilipogeuka alikuwa amesimama nyuma yangu na futi kamba shingoni.

"Amempa nani?" akauliza.

"Mpagazi. Inapanda mlima."

Sikuwahi kumwona mdogo wangu akicheka na kulia kwa pamoja tangu tulipokuwa wasichana. "Dada," akasema, "hata kuniomba msamaha anatengenezea albamu." Akafuta uso kwa ncha ya futi kamba. Kesho yake akaenda kuangalia fremu ya duka kule njia ya Tengeru, yenye kioo mbele na nafasi ya mashine mbili. Alirudi akaniambia mwenye fremu anampa funguo Jumatatu, na akishazishika hakuna tena Kikwe, anahamisha vyombo vyake kutoka chini ya kitanda. Alisema bila hasira. Hapo ndipo niliogopa. Sia akikasirika namjua, ila Sia aliyetulia namna ile nilikuwa simjui.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Nikawa naenda posta kila siku kama mtu anayesubiri pensheni. Jumatano hakuna. Alhamisi hakuna. Maulida akawa ananionea huruma kutoka mbali, anatikisa kichwa kabla sijafika kaunta.

Ijumaa, kama saa tisa na nusu alasiri, alikuja mtu dukani. Kijana mrefu wa miaka thelathini hivi, buti zimejaa vumbi jeusi la mlimani, midomo imepasuka kwa baridi, mkononi ndoo ndogo ya nyanya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, karibu. Fotokopi?"

"Hapana mama. Naitwa Lesian, natoka Ngarenanyuki. Namtafuta mama Sia, mke wa bwana mifugo. Nina mzigo wake."

Nilimwingiza ndani haraka kabla hajabadili nia. Sia alisimamisha cherehani. Lesian akampa shikamoo kwa kuinama, akaweka chini nyanya alizomletea, akafungua vifungo viwili vya shati, na kutoka kifuani akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake mfuko mwingine, ndani yake gazeti, na ndani ya gazeti bahasha. Nyeupe, nene, stempu nne zimepangwa kwa rula. Nyuma yake, kwa kalamu inayotetemeka: Kileleni, saa 12.20 asubuhi, Lesian. Akaishika kwa mikono miwili na kumpa Sia.

Niligeuza kichwa kuitazama mbele. Hapakuwa na muhuri.

"Hukuipitisha posta?" nikauliza.

Lesian alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mama, mzee alisema niitie posta, nikamwitikia kwa sababu ni mzee. Lakini nimesoma jina, nikaona ni mama huyu, nikaulizia, nikaambiwa yuko hapa kwa dada yake. Mama huyu alimshonea mama yangu nguo ya kipaimara, na mimi alinishonea suruali ya shule. Nitaitiaje barua yake kwenye tundu la ukuta, halafu mimi mwenyewe nipite barabarani hapa na miguu yangu? Si atasema sikulelewa? Barua ya mtu unayemjua unampelekea, unamwona, unampa salamu. Posta ni ya watu usiowajua."

Mnaona sasa. Kwa hapa kwetu hakuna mtu atakayemkosoa huyo kijana. Alikuwa amefanya jambo la adabu kuliko yote aliyoweza kulifikiria, na kwa adabu hiyo alikuwa ameifuta kazi yote ya shemeji: wiki tatu, mita elfu nne na mia tano, mzungu mmoja mwenye kichwa na mwingine asiye nacho. Bila muhuri, karatasi tu.

"Na nimeshampigia mzee simu," Lesian aliongeza kwa furaha, akipokea kikombe cha chai. "Nimemwambia asiwe na wasiwasi, haikugusa posta kabisa, nimeileta mkono kwa mkono. Alinyamaza. Nadhani alifurahi sana."

Sia hakuifungua. Aliiweka juu ya meza ya cherehani na kuitazama, mikono mapajani. Nilimwambia fungua. Akasema, "Ngoja. Atakuja."

Alikuja kabla Lesian hajamaliza chai. Bodaboda ilisimama kwa kishindo, na shemeji yangu, mtu wa heshima, mwimba besi, aliingia nyumbani kwangu bila hodi, kofia ngumu ya dereva bado iko kichwani mwake. Hakumsalimia mkewe ambaye hakuwa amemwona kwa zaidi ya wiki tano.

"Mmeifungua?"

"Bado," Sia akasema.

Alishusha pumzi hadi mabega yakalegea. Akatazama saa ya ukutani kwangu. "Saa kumi kasoro dakika tano. Posta inafungwa saa kumi na nusu. Nipe, Sia. Naikimbiza sasa hivi, bodaboda ipo nje, Maulida atagonga muhuri, Jumatatu utaipata sawasawa. Ni muhuri tu. Ni Jumatatu tu."

Sitaki kuwadanganya kwamba nilikuwa mtulivu. Nilitaka kumpiga na ndoo ya nyanya. Jumatatu! Siku ile ile ya funguo za fremu, na yeye hajui, na Sia hakumwambia. Nikafungua mdomo, Sia akaniinulia kidole.

Akaichukua bahasha na kumnyooshea.

"Chukua," akasema. "Lakini sikiliza, Efraimu. Ukitoka na hiyo bahasha mlangoni, hata ikirudi na mihuri kumi, mimi sitakuwa mtu wa kuipokea. Ama uifungue mwenyewe, hapa, sasa, unisomee."

"Niifungue mimi?"

"Wewe."

Shemeji aliipokea. Alikuwa hajawahi kufungua hata moja. Aliigeuza nyuma, akasoma saa ya kileleni, akapitisha kidole juu ya sahihi ya Lesian, akaigeuza mbele, akazitazama zile stempu nne na ile kona tupu ambayo muhuri ungekaa. Nje dereva wa bodaboda alikuwa hajazima injini. Shemeji akatazama mlango. Nawaapia, alitazama mlango kwa muda wa kutosha mtu kusema Baba Yetu, na Sia alimwona akiutazama, na macho ya Sia yakaanza kwenda chini.

"Shemeji, una mkasi?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema. Nina duka la vifaa vya kuandikia. Nilikuwa na mikasi kumi na minane.

Akavua ile kofia ngumu. Kisha akaichana kwa mkono. Aliichana vibaya, kama mtu asiyejua inavyofanywa, ikapasuka katikati ya stempu ya pili na kushuka hadi kwenye jina. Akatoa karatasi mbili zilizokunjwa. Hapakuwa na kipande cha boksi. Akasoma, "Sia," akakohoa. Akasoma tena, "Sia, nimeanza barua hii mara tisa," na hapo sauti ikakataa. Ile besi yote ya Walutheri ikaisha. Akageuka na kuninyooshea karatasi.

"Shemeji, nisaidie."

Hivi ndivyo mimi Fransiska, mjane, Mkatoliki, mwenye mdomo wangu huu, nilivyojikuta nimesimama katikati ya nyumba yangu nikimsomea mdogo wangu barua ya mapenzi ya mumewe, mbele ya mpagazi anayekunywa chai.

"Sia, nimeanza barua hii mara tisa. Ninachojua kuandika ni ripoti ya chanjo, kwa hiyo nisamehe ikifanana nayo.

"Mwaka 1992 nikiwa kazini Loliondo nilikuandikia kukuuliza kama utanikubali. Barua ile ilibebwa na lori la mahindi, ikasahauliwa kwa mtu, ikaenda Musoma, ikarudi na gari la misheni. Ilikufikia baada ya miezi minne. Miezi yote minne mimi nilijua umenikataa, na wewe hukujua kama nimekuuliza. Nilisikia kuna mtu wa Moshi mwenye pikipiki amekuja kwenu. Nikaacha kula. Halafu barua ikafika, na ukanijibu siku ileile."

Nilisimama kidogo. Yule wa pikipiki namkumbuka. Mimi ndiye niliyemwambia Sia amkubali, asipoteze bahati kwa ajili ya bwana mifugo asiyeandika hata barua. Sikuwa nimewahi kulisema hilo mbele ya Efraimu, na sikulisema siku ile. Nikaendelea.

"Tangu hapo siyaamini maneno yangu, naona yanachelewa. Niliamini bahasha. Nikiituma mbali, kwa njia mbaya, na ikarudi ina jina lako, naona kama umenijibu tena ndiyo. Nimefanya hivyo mara mia mbili na kumi na nne. Nilifikiri unajua. Juzi ndipo nimegundua kwamba sijawahi kukuambia.

"Nyumbani kuna ukimya ambao siuwezi. Nimejaribu kuacha redio wazi. Rudi, Sia. Ukitaka kabati lako la vyombo nimeshalitoa albamu. Ziko chini ya kitanda. Mimi wako, Efraimu Nnko."

Lesian alikuwa ameshusha kikombe. Mimi pua yangu ilikuwa imeanza mambo yake, nikajifanya nakunja karatasi. Shemeji alikuwa anatazama sakafu yangu kama kwamba kuna ng'ombe amelala pale.

"Rudia hapo pa miezi minne," Sia akasema.

Nikarudia.

"Na hapo pa ndiyo."

Nikarudia. Akaninyang'anya karatasi, akaingia chumbani, na tukasikia zipu za mabegi. Hakumwambia mumewe neno lolote tamu, wala msitegemee, sisi kwetu hatujalelewa hivyo. Alitoka na kusema tu, "Cherehani ataileta Allen akija, ile ni nzito. Na wewe usisahau nyanya za watu." Kisha akatoka nje, akampungia dereva wa bajaji aliyekuwa anapita, akapanda, akafungua karatasi na kuanza kuisoma mwenyewe tangu mwanzo.

Shemeji alibeba mabegi yote mawili na ndoo ya nyanya akiipachika kwenye kiwiko. Alikuwa amefika getini, bajaji ikimsubiri, nilipoiona bahasha juu ya meza, imepasuka katikati, ina sahihi ya kileleni, hakuna nyingine kama hiyo duniani kwa mtu mwenye ugonjwa wake. Nikaichukua nikamkimbilia.

"Shemeji! Umesahau bahasha yako!"

Akageuka, mikono imejaa, jasho linamtoka.

"Si yangu, shemeji," akasema. "Imeandikwa jina la Sia. Mpe mwenyewe."